Leven: manowari iliyopima pwani yetu na kuiahidi Mombasa ulinzi

Historia ya utumishi wa manowari ya matanga kwa kawaida huandikwa kwa kutaja mwaka iliposhushwa majini, idadi ya mizinga yake, mapigano iliyoshiriki, manahodha walioiongoza na mwaka ilipovunjwa. Kwa kipimo hicho Leven, manowari ya Kiingereza iliyoshushwa majini Ipswich mwaka 1813, ingestahili mistari michache tu. Haina vita kubwa ya kutajiwa, na miaka yake ishirini na ushei ya mwisho iliimaliza ikiwa imefungwa bandarini bila matanga. Lakini anayeisoma historia hiyo akiwa Mombasa hawezi kuipita haraka namna hiyo, kwa sababu ndiyo merikebu iliyoleta mambo mawili yaliyobadili uhusiano wa pwani ya Afrika Mashariki na Uingereza: ramani za bahari zilizopimwa kitaalamu, na ahadi ya ulinzi iliyoandikwa na kutiwa saini.

Wanahistoria wengi huyatenga mambo hayo. Ramani huwekwa katika sura ya sayansi, na ahadi katika sura ya siasa, kana kwamba yalifanywa na watu tofauti. Naona ni kosa kuyatenga. Watu walewale, katika safari ileile, walipima kila mwamba kwa uangalifu wa hali ya juu, kisha wakatoa ahadi nzito kwa watawala wa Mombasa bila kuwa na mamlaka ya kuitoa. Tofauti kati ya uangalifu wa kazi ya kwanza na wepesi wa kazi ya pili ndiyo inayoifanya Leven istahili kuchambuliwa, na gharama ya tofauti hiyo haikulipwa na Waingereza.

Leven ilikuwa manowari ndogo ya milingoti mitatu. Silaha zake kuu zilikuwa mizinga 20 mifupi ya aina inayopiga kwa nguvu nyingi karibu na dhaifu kwa mbali, na ilijengwa wakati Uingereza ikipigana na Ufaransa na Marekani kwa pamoja. Vita vilipokwisha mwaka 1815, jeshi la majini lilibaki na mamia ya merikebu zisizo na kazi na maofisa waliopunguziwa mishahara kwa nusu. Upimaji wa bahari ukawa njia mojawapo ya kuwapa kazi watu hao na merikebu hizo, na merikebu ya ukubwa wa Leven ilifaa: ilitosha kubeba shehena ya safari ndefu, lakini haikuhitaji kina kirefu kama manowari za safu ya vita. Nahodha David Bartholomew aliitumia kupima Azores, Cape Verde na sehemu za pwani ya Afrika Magharibi hadi alipofariki huko Cape Verde mwaka 1821. Baada yake ikakabidhiwa kwa William Fitzwilliam Owen.

Owen hakuwa mgeni wa Bahari ya Hindi. Alikuwa ameitumikia wakati wa vita na Wafaransa, akatekwa nao na kushikiliwa Morisi, na baada ya vita alipima maziwa makuu ya Kanada. Alikuwa Mkristo mwenye msimamo mkali na adui wa dhati wa biashara ya utumwa, na nadhani ni haki kuliamini hilo, kwa kuwa maandishi yake hayaonyeshi mtu aliyelitumia suala la utumwa kama kisingizio. Tatizo lake halikuwa unafiki. Alijiona ana ruhusa ya kufanya lolote ambalo dhamiri yake ililiona jema, hata pale ambapo serikali yake haikumtuma.

Aliondoka Uingereza mwanzoni mwa 1822 akiwa na Leven pamoja na brigi ndogo iitwayo Barracouta, kwa agizo la kupima pwani ya mashariki ya Afrika ambayo ramani zake za Kizungu zilikuwa bado zimejaa makisio ya Wareno wa zamani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kupita kiasi. Manowari ilitia nanga mahali salama na kuwa kama makao, kisha mashua zake zikatawanyika kutupa bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina cha maji), kusoma pima za kina, kuchunguza kama chini ni mchanga, tope au matumbawe, na kuandika saa za maji kujaa na kupwa. Juu ya nchi kavu maofisa walipima pembe kati ya rasi, visiwa na miti mirefu, na saa maalumu za baharini zilizotunzwa ndani ya manowari ziliwawezesha kujua umbali wao kuelekea mashariki au magharibi. Usiku yote hayo yalichorwa kwenye karatasi. Mwaka 1826 walirudi nyumbani wakiwa na ramani karibu 300 za pande zote mbili za Afrika, maana walipokuwa wakirudi walipima pia pwani ya magharibi.

Ramani hizo husifiwa kwa usahihi wake, na kwa haki. Lakini sifa hiyo haijakamilika kama haitaji kwamba bahari yenyewe ilikuwa inajulikana. Manahodha wa mitepe na majahazi walikuwa wakipita kati ya Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa na Ngazija kwa karne nyingi, wakiufuata msimu wa kaskazi na wa kusi, wakijua kila mlango na kila kipwa kwa majina. Kilichofanywa na Leven ni kuuhamisha ujuzi wa aina hiyo kutoka kichwani mwa rubani kwenda kwenye karatasi ambayo nahodha yeyote, hata ambaye hajawahi kuiona pwani hii, angeweza kuitumia. Athari yake ni kubwa. Palipo na rubani, mgeni hulazimika kuomba na kulipa, na mwenyeji ana uwezo wa kukataa. Palipo na ramani iliyochapwa, uwezo huo wa kukataa hupungua sana.

Wafasiri nao hawakwepeki katika historia hii. Mashuhuri kuliko wote ni Jakot Msimbithi, Mxhosa aliyekuwa mfungwa wa serikali ya Rasi ya Tumaini Jema, ambaye alitolewa kifungoni ili awafasirie maofisa wa Owen katika pwani ya kusini mashariki. Baadaye alihamia kwa wafanyabiashara wa Kiingereza, akawatoroka, na akaishia katika himaya ya Shaka, ambako alikuwa miongoni mwa watu waliomweleza mfalme huyo habari za Wazungu. Mtu aliyepandishwa merikebuni kama chombo cha kazi aligeuka kuwa mtoa habari muhimu katika siasa za Wazulu. Historia ya utumishi wa manowari ingepaswa kumtaja katika ukurasa uleule unaomtaja nahodha.

Gharama ya upimaji ilikuwa ya kutisha. Zaidi ya nusu ya watu walioondoka Uingereza katika msafara huo walikufa, wengi wao kwa homa ambayo leo tunajua huletwa na mbu, lakini wao waliihusisha na hewa chafu ya mikokoni na mabwawa. Ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, iliwaua mabaharia kwa makundi mwishoni mwa 1822, na nahodha wa kwanza wa Barracouta, William Cutfield, alikuwa mmoja wao. Tiba ya wakati huo ilikuwa pamoja na kumtoa mgonjwa damu, jambo lililomaliza nguvu alizokuwa amebakiza. Mwaka 1823 kikundi kidogo kilitumwa kupanda mto Zambezi kuelekea Sena, akiwamo mtaalamu wa mimea John Forbes, na Wazungu wote wa kikundi hicho walikufa. Anayetazama ramani za Owen aziangalie kwa kujua kwamba sehemu kubwa ya waliozichora hawakuishi kuziona zikichapwa.

Hapo Delagoa ndipo Owen alipoanza kuivuka mipaka ya upimaji. Mwaka 1823 alipokea hati kutoka kwa watawala wa Tembe na Maputo ambazo ziliweka ardhi zao chini ya Uingereza, ingawa Wareno walikuwa na ngome yao papo hapo na walidai ghuba yote ni yao. Owen aliwadharau Wareno kwa sababu ya biashara ya watumwa waliosafirishwa kwenda Brazili, na akaona kuwatoa ni jambo jema. Serikali yake haikuwa imemwagiza kufanya hivyo.

Mombasa ya wakati huo ilikuwa katika hali ngumu. Ukoo wa Mazrui ulioitawala kutoka Ngome ya Yesu haukuukubali ukuu wa Sayyid Said, mtawala wa Oman aliyekaa Maskati, na nguvu zao zilikuwa zinapungua: walishindwa vita vya Shela mnamo mwaka 1812, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 walinyang'anywa Pemba, kisiwa kilichowapa chakula. Waliomba ulinzi wa Waingereza wa Bombay na kukataliwa. Barracouta ilipofika Mombasa Desemba 1823 chini ya nahodha Vidal, waliomba tena, na Vidal alikataa kwa kuwa hakuwa na mamlaka. Walichofanya baadaye ni kitendo cha siasa ambacho hakijapewa uzito wake: walijishonea bendera ya Kiingereza wenyewe na kuipandisha juu ya ngome.

Wakati huohuo Owen alikuwa Maskati, ambako alimwambia Sayyid Said waziwazi kwamba watu wa Mombasa wakimwomba ulinzi angewapa. Leven ilipoingia Mombasa tarehe 7 Februari 1824, ilikuta merikebu za Waomani zimeuzingira mji na bendera ya Uingereza inapepea ngomeni. Katika siku chache yakaandikwa makubaliano. Uingereza ingeirudishia Mombasa milki zake za zamani, ikiwemo Pemba na pwani kati ya Malindi na Pangani. Mazrui wangeendelea kutawala kwa kurithishana. Mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu. Waingereza wangeruhusiwa kufanya biashara na bara. Na biashara ya utumwa Mombasa ingekomeshwa. Yote hayo yangesubiri idhini ya serikali ya London, na hilo ndilo sharti ambalo pande zote mbili zililichukulia kwa wepesi.

Husemwa mara nyingi kwamba Mazrui walidanganyika. Sikubaliani na maelezo hayo. Watu waliojishonea bendera ya dola ambayo ilikuwa imekwisha kuwakataa walijua vizuri kwamba wanaitumia bendera hiyo kama ngao, na walijua pia kwamba Sayyid Said asingethubutu kuifyatulia risasi. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa sasa yao: uzingiraji uliondolewa papo hapo bila mzinga hata mmoja kulia. Kilichowaponza ni kwamba hawakuwa na njia ya kujua jinsi nahodha anavyotofautiana na serikali yake. Mbele yao alisimama ofisa mwenye cheo, aliyevaa sare za mfalme, akiwa na mizinga 20 na karatasi yenye saini. Mtawala yeyote wa pwani angeona hapo amezungumza na Uingereza.

Owen alimwacha Luteni John James Reitz, kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, kuwa mwakilishi, pamoja na msaidizi mmoja, koplo wa askari wa majini na mabaharia wachache. Hao ndio waliopaswa kuulinda mji uliotamaniwa na Maskati. Reitz alifariki kwa homa tarehe 29 Mei 1824 katika safari ya Pangani. Baada ya msaidizi wake, George Phillips, kushika nafasi kwa muda, Luteni James Emery alikuja kuwa mwakilishi kuanzia Agosti 1824, naye akakaa hadi Julai 1826. Emery aliandika kumbukumbu za kila siku, na zinaonyesha jinsi ulinzi huo ulivyogeuka kuwa mvutano: forodha iliwaudhi wafanyabiashara, suala la watumwa liliwaudhi wenye mashamba, na Pemba haikurudishwa. Owen mwenyewe alimpeleka Mubarak bin Ahmed, mmoja wa wakuu wa Mazrui, ndani ya Leven hadi Pemba kujaribu kuwashawishi Waomani wakiachie kisiwa, na walipokataa akaendelea naye hadi Morisi kumwomba gavana aiunge mkono Mombasa. Gavana alisikiliza. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

London na Bombay zilikuwa na hesabu nyingine kabisa. Maskati ilikuwa mshirika wa Uingereza tangu mkataba wa 1798, ililinda njia ya kwenda India, na Septemba 1822 Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba wa Moresby uliopiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa. Kwa serikali ya Bombay, kumpoteza rafiki huyo kwa ajili ya mji mmoja wa pwani ya Afrika ilikuwa hasara tupu, na malalamiko yake yakasikilizwa. Mwezi Julai 1826 bendera ikateremshwa na Emery akaondoka. Ulinzi ulikuwa umedumu takriban miaka miwili na nusu, na Leven ilikuwa mbali, ikikaribia kumaliza safari yake ya kurudi nyumbani.

Hapa ndipo napoona hukumu juu ya Owen inapaswa kuwa kali kuliko ilivyozoeleka. Mombasa iliyokataliwa moja kwa moja mwaka 1824 ingalikuwa na nafasi ya kutafuta suluhu na Sayyid Said au kujenga ushirika na miji mingine. Mombasa iliyoahidiwa ilitumia muda huo kutegemea kitu ambacho hakikuwapo, huku mpinzani wake akiongeza manowari. Januari 1828 Sayyid Said alifika mwenyewe akiwa na Liverpool, merikebu kubwa ya mizinga 74 aliyojengewa Bombay kwa mbao za msaji. Aliishambulia Mombasa tena na tena hadi 1833, na watu wa mji walipambana naye kwa ushujaa ambao tungo za Muyaka bin Haji zimeuhifadhi hadi leo. Mwaka 1836 Sayyid Said alimzawadia Mfalme William IV ileile Liverpool, na mwaka uliofuata Mombasa ikaanguka, si kwa mizinga bali kwa mgawanyiko ndani ya ukoo wa Mazrui wenyewe. Wakuu wao walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, ambako walipotelea uhamishoni. Siwezi kudai kwamba Leven ndiyo iliyosababisha hayo, kwani mivutano ya ndani ilikuwapo kabla yake. Nadai tu kwamba iliwanyang'anya Mazrui miaka waliyoihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Kuna jambo linalothibitisha kwamba serikali ya Uingereza haikuzipuuza hati za Owen kwa sababu ya kanuni. Hati za Delagoa, zilizoandikwa na nahodha yuleyule bila mamlaka vilevile, zilihifadhiwa, na miaka hamsini baadaye, Uingereza ilipoitaka ghuba hiyo kwa sababu ya njia ya kwenda bara la kusini, zilitolewa kama ushahidi kwamba sehemu ya kusini ya ghuba ni yake. Mgogoro ulipelekwa kwa Rais MacMahon wa Ufaransa awe msuluhishi, naye tarehe 24 Julai 1875 aliipa Ureno ushindi. Kwa maneno mengine, saini ya Owen ilihesabiwa kuwa na nguvu ilipoisaidia London na kuwa batili ilipoigharimu. Mazrui walikuwa na karatasi ya aina ileile, lakini hawakuwa na msuluhishi wa kuwapelekea.

Leven yenyewe haikuyashuhudia hayo. Iliporudi Uingereza mwaka 1826 ilikuwa imechoka, na mwaka uliofuata ikavuliwa matanga na kutumiwa kama makazi ya mabaharia bandarini hadi ilipovunjwa mwaka 1848. Ramani zake ziliendelea kutumiwa na manahodha, zikirekebishwa hapa na pale, na ziliwarahisishia kazi wale waliokuja baadaye kuwinda majahazi ya watumwa, na pia wale waliokuja kutawala.

Mombasa ina nyumba iitwayo Leven katika Mji wa Kale, na bandari ya magharibi ya kisiwa inaitwa Port Reitz, kwa jina la kijana aliyekaa mjini kwa chini ya miezi minne. Hakuna ubaya kuyaacha majina hayo, kwa kuwa ni sehemu ya yaliyotokea. Lakini mwanafunzi wa Mombasa anayepita hapo anapaswa kuelezwa pia jina la Sulaiman bin Ali, liwali aliyekuwa na jukumu la mji siku Leven ilipotia nanga, na la Mubarak bin Ahmed aliyesafiri ndani yake hadi Morisi kuitetea Mombasa. Makubaliano ya Februari 1824 yanaweza kuwekwa wazi ndani ya Ngome ya Yesu, kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, pamoja na maelezo ya kipi kilitekelezwa na kipi hakikutekelezwa.